Kudai Data Yako Ifutwe: Mwongozo wa Kutumia Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data

Watu wengi hudhani kwamba ukiiondoa programu ya mikopo kwenye simu, umeondoa pia kila ilichokijua kukuhusu. Sivyo. Kinachoondoka ni programu tu. Majina uliyoyahifadhi, namba za ndugu na majirani, picha ya kitambulisho na rekodi za mahali ulipokuwa siku uliyokopa hubaki kwenye mitambo ya kampuni, na huweza kupitishwa kwa wakusanyaji madeni au kuvuja muda mrefu baada ya wewe kusahau kwamba uliwahi kukopa. Kuvitoa huko kunahitaji ombi rasmi, na mwananchi wa Kenya amekuwa na sheria ya kumpa nguvu hiyo tangu tarehe 25 Novemba 2019, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya mwaka 2019. Mfano wangu mkuu katika mwongozo huu ni mikopo ya simu, kwa kuwa huko ndiko nilikoona watu wakiumia zaidi, ingawa njia ni ileile kwa shule iliyobandika picha ya mtoto wako mtandaoni au kwa duka lisilokoma kukutumia matangazo.

Niliijifunza njia hii kwa ajili ya shangazi yangu. Yeye hajawahi kukopa kwa simu hata siku moja, na simu yake ni kabambe ya vitufe. Asubuhi moja alipigiwa simu mara sita na watu wasiojitambulisha, wakimwambia kwamba yeye ni mdhamini wa aliyekuwa mpangaji wake na kwamba jina lake litachafuliwa asipomfanya mtu huyo alipe. Hakuwa amedhamini chochote. Mpangaji alikuwa na namba yake kwenye simu, programu ikaichukua, na basi. Nitarudi kwake mara kadhaa, kwa sababu kisa chake kinaonyesha jambo ambalo wengi hawalijui: haki ya kudai data ifutwe si ya mteja peke yake, bali ni ya yeyote ambaye data hiyo inamhusu.

Msingi wa haki yenyewe

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, ikiwa ni pamoja na haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo sababu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ndicho kinachobeba ombi lako. Kinakuruhusu kumtaka anayeshikilia data yako aifute au aiharibu bila kuchelewa ikiwa hana tena mamlaka ya kuihifadhi, au ikiwa data hiyo haihusiki, imezidi kiasi, au ilipatikana kinyume cha sheria. Kanuni za Jumla za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria hiyo, zikaongeza vitu viwili vya kukusaidia sana, navyo ni fomu maalumu ya ombi, iitwayo DPG 5, na muda wa siku 14 ambao ndani yake ni lazima ujibiwe.

Sheria hutumia maneno mawili utakayokutana nayo kila mahali. Mdhibiti wa data ni yule anayeamua data itumike kwa lengo gani na kwa njia gani, na mchakataji ni yule anayeifanyia kazi kwa niaba ya mdhibiti, kama vile kampuni iliyoajiriwa kupiga simu za madeni. Ombi huweza kupelekwa kwa yeyote kati yao. Mimi humwandikia mdhibiti na kumpa nakala mchakataji ninayemjua.

Hatua ya kwanza: kusanya ushahidi kabla ya kugusa kitu

Hapa ndipo watu hujikwaa zaidi. Mtu akikasirika, jambo la kwanza analofanya ni kufuta jumbe za matusi, kuziba namba na kuiondoa programu, na anapofika mbele ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayesimamia Sheria hii na kupokea malalamiko, hana cha kuonyesha. Kabla ya kufuta chochote, piga picha za skrini nzima, zikionyesha namba iliyotuma, tarehe na saa. Ikiwa ni picha au chapisho la mtandaoni, hifadhi pia anwani kamili ya ukurasa huo, kwa maana picha ya skrini isiyo na anwani haimwelekezi mtu mahali pa kuitafuta. Hifadhi orodha ya simu zilizopigwa. Hifadhi ukurasa wa programu katika duka la programu pamoja na sera yake ya faragha, kwa sababu kurasa hizo hubadilishwa.

Ndugu na marafiki waliopokea jumbe kuhusu deni lako waombe wazihifadhi kwenye simu zao, wasikutumie tu nakala. Ujumbe ukishapitishwa kutoka simu moja hadi nyingine hupoteza namba ya aliyeuandika kwanza na saa ulipofika.

Shangazi alikuwa amefuta jumbe nyingi kwa sababu kumbukumbu ya kabambe yake hujaa haraka. Zilibaki mbili tu. Lakini kwa mazoea yake ya kuwa mweka hazina, alikuwa amenakili namba nne na saa walizompigia nyuma ya daftari la chama, kwa kalamu ya bluu, kila moja katika mstari wake. Tuliupiga picha ukurasa ule, tukaupiga picha mwandiko pamoja na skrini ya simu iliyokuwa na zile jumbe mbili, na ukawa kiambatisho cha kwanza. Kumbukumbu iliyoandikwa wakati uleule jambo lilipotokea ina uzito, hata ikiwa imeandikwa nyuma ya daftari.

Ukishahifadhi haya yote, ingia kwenye mipangilio ya simu, uinyime programu ruhusa ya kuona anwani za simu, picha, jumbe na mahali ulipo. Hilo halifuti kilichokwisha kuchukuliwa, lakini linazuia kuchukuliwa kingine wakati ombi linaendelea.

Hatua ya pili: mjue unayemwandikia

Jina la programu mara nyingi silo jina la kampuni. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipotoza faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizotoka kwa wengine na kuwatumia vitisho, programu zilizojulikana na wakopaji zilikuwa KeCredit na Faircash, lakini aliyetozwa aliitwa Mulla Pride. Barua iliyoandikiwa jina la programu ni rahisi kukanwa.

Jina la kampuni hupatikana mahali pa aina nne: katika ukurasa wa programu dukani, palipoandikwa mtengenezaji, katika sera ya faragha, ambayo aghalabu hutaja pia anwani ya afisa wa ulinzi wa data, katika orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu ya Kenya, na katika sajili ya wadhibiti na wachakataji iliyo kwenye tovuti ya Kamishna, odpc.go.ke. Kampuni ikikosekana katika sajili hiyo, liweke jambo hilo akibani. Utalitaja kwenye malalamiko.

Usikate tamaa ikiwa kampuni iko nje ya nchi. Kifungu cha 4 cha Sheria kinamhusu pia yule asiye na makao Kenya lakini anachakata data ya watu walioko Kenya.

Hatua ya tatu: amua ni data ipi unayotaka ifutwe, na kwa sababu gani

Ombi linalosema “futeni kila kitu mlicho nacho kunihusu” ndilo rahisi zaidi kukataliwa. Kampuni itajibu kwamba sheria inailazimisha kutunza kumbukumbu za miamala, na kwa sehemu hiyo itakuwa imesema kweli, kwa kuwa sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inazitaka taasisi zinazohusika zitunze kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka 7. Kisha, kwa kujificha nyuma ya ukweli huo mmoja, itabaki na orodha yako ya simu, picha zako na namba ya shangazi yangu. Kwa hiyo ombi zuri huigawa data mafungu, na kila fungu hupewa sababu yake.

Kanuni zinataja sababu ambazo unaweza kuziegemea: data haihitajiki tena kwa lengo lililoikusanya, umeondoa idhini uliyokuwa umetoa, umepinga matumizi yake na hakuna maslahi halali yanayozidi pingamizi lako, inatumika kukutangazia biashara nawe umekataa, ilichakatwa kinyume cha sheria, au sheria nyingine inaagiza ifutwe. Upande wa pili, ombi lako halitafua dafu pale ambapo data inahitajika kwa uhuru wa kujieleza na kupata habari, kwa kutimiza wajibu wa kisheria, kwa kazi yenye manufaa ya umma, kwa utafiti na hifadhi ya nyaraka za umma, au kwa kudai au kujitetea mbele ya sheria. Mwandishi wa habari aliyeripoti kesi yako hatalazimishwa kuifuta taarifa hiyo kwa fomu ya DPG 5.

Mkopaji aliyekwisha kulipa aandike hivi: orodha ya simu, picha na mahali nilipo vilizidi kiasi tangu mwanzo na sasa havihitajiki, namba yangu isitumike kwa matangazo, nimeondoa idhini, kumbukumbu za mkopo wenyewe, ikiwa sheria inawalazimu kuzitunza, nitajieni sheria hiyo na muda wake, na msizitumie kwa jambo jingine. Sehemu hiyo ya mwisho, kuhusu kumbukumbu za mkopo, ina thamani kubwa. Kifungu cha 40 chenyewe kinasema kwamba data inayopaswa kutunzwa kama ushahidi iwekewe mipaka ya matumizi badala ya kufutwa, na mwenye data ajulishwe. Mkopaji ambaye bado anadaiwa naye ana haki juu ya orodha yake ya simu, kwa sababu Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuingia katika orodha ya simu ya mteja ili kuwatumia watu wake jumbe anapochelewa kulipa. Kinachobaki ni deni lake, na hilo halifutiki kwa ombi la data. Nalisema wazi kwa kuwa nimewaona watu wakishauriwa vinginevyo.

Mtu aliye katika hali ya shangazi ana kazi nyepesi zaidi. Hakutoa idhini, hana mkataba, hana muamala wa kutunzwa. Data yake yote ilipatikana kinyume cha sheria na yote yapaswa kuondoka.

Ikiwa hujui kampuni inashikilia nini, unaweza kwanza kuomba nakala ya data yako kwa fomu ya DPG 2, ambayo hujibiwa ndani ya siku 7 bila malipo. Inafaa pale jambo lisipokuwa la dharura. Lakini kama vitisho vinaendelea, usipoteze wiki nzima, bali omba vyote viwili kwa barua moja.

Hatua ya nne: andika

Jaza fomu ya DPG 5, iliyo katika jedwali la Kanuni, na uiambatanishe na barua fupi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa ibara ya 7 ya Katiba, hivyo hakuna ubaya kuandika kwa Kiswahili. Ya shangazi, ikiwa imeondolewa majina, ilisomeka hivi:

“Kwa Afisa wa Ulinzi wa Data. Ninaandika chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kanuni za Jumla za 2021. Mnashikilia jina langu na namba yangu ya simu, ambavyo mlivichukua kutoka kwenye simu ya mtu mwingine. Sijawahi kuwa mteja wenu, sikudhamini mkopo wowote, wala sikuwapa idhini. Naomba, kwanza, mfute jina langu na namba yangu katika kumbukumbu zenu zote. Pili, mwajulishe wote mliowapa, wakiwemo mawakala wa kukusanya madeni, ili nao wafute. Tatu, mnieleze mlivipata vipi na mliwapa akina nani. Nne, mnithibitishie kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nimeambatanisha fomu ya DPG 5 na ushahidi wa simu na jumbe.”

Hakuna matusi ndani yake, ingawa alikuwa na sababu. Barua hii siku moja itasomwa na afisa anayeamua kati yenu, na inapaswa kumwonyesha nani alikuwa mtulivu.

Itume kwa barua pepe, na ikiwezekana upeleke nakala ofisini kwao ikagongwe mhuri wa kupokelewa. Usiitume kupitia dirisha la mazungumzo lililo ndani ya programu peke yake, kwa maana siku watakapofunga akaunti yako mazungumzo yote yatapotea.

Kuhusu kitambulisho, wana haki ya kujiridhisha kwamba wewe ndiwe, lakini usiwape zaidi ya walichonacho. Mtu aliyetumiwa ujumbe kwa namba yake anaweza kuthibitisha kwa namba hiyohiyo. Wakisisitiza kupata nakala ya kitambulisho, funika sehemu zisizohitajika na uandike juu yake, kwa wino unaokatiza katikati, kwamba nakala hiyo ni ya ombi la kufuta data tu, pamoja na tarehe.

Hatua ya tano: hesabu siku

Ukituma tarehe 3 Juni, siku ya 14 ni tarehe 17 Juni. Iandike kwenye kalenda. Mimi hutuma ukumbusho mmoja wa mistari miwili siku ya 15, si kwa sababu sheria inadai hivyo, bali kwa kuwa huondoa kisingizio cha kwamba barua haikuonekana.

Majibu huja kwa sura tatu. Wakikuambia wamefuta, waulize wamefuta nini hasa na wamewajulisha akina nani. “Tumelishughulikia ombi lako” si jibu. Wakikataa, wadai wataje kifungu cha sheria wanachokitegemea. Wakinyamaza, nenda hatua inayofuata bila kusubiri zaidi.

Hatua ya sita: mpelekee Kamishna

Malalamiko hupokelewa kupitia tovuti ya Kamishna, kwa barua pepe, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na ukieleza kwa mdomo ofisi ndiyo itakayoyaandika. Hakuna ada. Fomu yake ni DPC 1. Ambatanisha ombi lako la kwanza, uthibitisho wa kulituma, jibu kama lipo, na ushahidi ukiwa umepangwa kwa tarehe na kupewa namba, kisha uyaeleze mambo kwa ukurasa mmoja au miwili. Kifungu cha 56 kinataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Katikati ya muda huo huenda mkashauriwa kupatana. Kubali ikiwa unachotaka ni kufutiwa tu, mradi makubaliano yawe ya maandishi na yenye tarehe ya kutimizwa.

Kamishna anaweza kutoa ilani ya utekelezaji, yaani amri ya maandishi ya kurekebisha kosa, na anayeipuuza hutozwa faini. Mwezi Desemba 2022, Oppo Kenya ilitozwa shilingi milioni 5 baada ya kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila idhini yake na kutotii ilani. Mwaka uliofuata, Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kubandika picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na baa ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Pesa hiyo haikufikii wewe. Ukitaka fidia, ni lazima uidai waziwazi kwa kutaja kifungu cha 65, ambacho kinatambua hasara ya fedha na pia msongo wa moyo. Eleza kilichokupata: simu ngapi, mbele ya nani, usingizi uliokosa. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Pale njia hii isipofaa

Picha iliyobandikwa na mtu binafsi katika mambo yake ya nyumbani haiingii vyema chini ya Sheria hii. Anza kwa kuripoti kwenye mtandao wenyewe. Ikiwa ni picha ya faragha ya mwili wako, usianze na fomu yoyote. Nenda polisi, kwa sababu kusambaza picha ya namna hiyo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Msomaji aliye Tanzania ana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko yake huenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aliye katika nchi za Umoja wa Ulaya atumie kifungu cha 17 cha kanuni ya ulinzi wa data ya huko, ambapo muda wa kujibiwa ni mwezi mmoja.

Baada ya kufutiwa

Tafuta jina lako na namba yako kwenye injini za utafutaji. Ukurasa ukiwa umeshaondolewa lakini bado unajitokeza kwenye matokeo ya Google, kuna fomu yao ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe, nayo hufanya kazi ukiwa na ile anwani kamili uliyoihifadhi mwanzoni. Weka jalada lako lote mahali pamoja, na uwaombe waliokuwa wakisumbuliwa wakuarifu wakipigiwa tena, kwa maana simu moja baada ya barua ya “tumefuta” ni ushahidi wenye nguvu kuliko zote zilizotangulia.

Shangazi alithibitishiwa siku ya 12. Ile namba ya mwisho kati ya nne imekatwa kwa mstari kwenye daftari la chama, na pembeni yake ameandika tarehe ya barua.